Mnyororo Huliwa Usiku: Mwongozo wa Kutunza na Kubadilisha Mnyororo wa Baiskeli Kisumu, Masika hadi Kiangazi

Ukiishi Kisumu unaijua mvua yetu. Mchana kutwa jua linachoma, saa tisa wingu linaanza kujikusanya upande wa Nandi, na saa kumi na moja, watu wanapotoka kazini, linamwagika lote. Mwenye baiskeli anafika nyumbani amelowa chapachapa. Anaiegemeza ukutani, anabadilisha nguo, anakula, analala. Asubuhi mnyororo umegeuka rangi ya chungwa. Anaumiminia oili juu ya kutu na kuondoka huku unalia kwii-kwii hadi Kondele.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miaka miwili nikisambaza mkate kwa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya giya moja, kutoka Kondele hadi Mamboleo na Kibos. Nilinunua mnyororo baada ya mnyororo nikilaumu mzigo, nikilaumu barabara, nikilaumu Wachina na Wahindi waliouunda. Fundi mmoja mzee pale nilipokuwa nikitengenezea ndiye aliyeniuliza, "Jana ulinyeshewa? Ukafika nyumbani ukafanya nini?" Nikamwambia nililala. Akacheka. "Basi wewe ulilala, yeye alikuwa analiwa."

Huu mwongozo ni wa Black Mamba na ndugu zake wa giya moja, kwa sababu ndizo zinazobeba mzigo wa mkoa huu. Wenye baiskeli za giya za mtumba nimewawekea sehemu yao mbele.

Kinachochakaa ni nini hasa

Watu husema mnyororo "umevutika". Chuma hakijavutika. Ushike mnyororo mkononi uutazame kwa karibu: kuna vibati vya nje, vibati vya ndani, pini inayopita katikati, na karola kadogo kanakozunguka juu ya meno. Kila pini inasuguana na tundu lake mnyororo unapojikunja. Mchanga ukiingia humo, pini inaliwa kama kisu kwenye jiwe la kunolea. Kila kiungo kikilegea kidogo tu, upana wa unywele, na viungo ni zaidi ya mia moja, mnyororo wote unarefuka.

Kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na meno yamechongwa kwa nafasi hiyohiyo. Mnyororo ukirefuka, rola haziketi tena kwenye mapengo yake kati ya meno. Zinapanda juu ya jino na kulisugua upande mmoja. Kwa hiyo mnyororo mchakavu hautaki kufa peke yake: unakula friwili, yaani meno ya nyuma, halafu unakula meno ya mbele, na hayo ya mbele ndiyo ghali na ndiyo yenye kazi kuyatoa.

Ndiyo maana oili inayoonekana kwa nje, ile inayong'aa na kuchafua suruali, haina kazi kubwa. Inayofanya kazi ni ile iliyo ndani, kati ya pini na tundu, usiyoiona. Ya nje kazi yake ni kukusanya vumbi.

Kupima, badala ya kukisia

Kabla hujanunua chochote, pima. Rula ya shule haifai sana, kwa maana sentimita 30 zinaisha kabla ya inchi 12 kutimia. Tafuta tepu ya chuma ya seremala. Kile kindoana cha mwanzo cha tepu huchezacheza, basi usianzie pale: anzia alama ya inchi 1 na usome mwisho wake kwenye inchi 13.

Geuza pedali kidogo ili mnyororo wa juu ukazike. Weka alama ya inchi 1 katikati kabisa ya pini moja. Mnyororo mpya, pini ya ishirini na nne kutoka hapo itakaa juu ya inchi 13 barabara. Sasa tazama wako:

Pini ikiwa imepita alama kwa chini ya milimita moja, endelea na safari zako. Ikipita kwa milimita moja na nusu hivi, ambayo ni sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, mwenye baiskeli ya giya anapaswa kubadilisha, na mwenye Black Mamba aanze kuweka pesa kando. Ikifika milimita tatu, yaani sehemu moja ya nane, hata Black Mamba imefika mwisho. Ukiendelea hapo unatumia friwili kulipia mnyororo.

Huna tepu? Shika mnyororo pale mbele kabisa ya meno ya mbele, uvute kuelekea gurudumu la mbele. Ukiinuka kiasi cha kuonyesha nusu ya jino, umekwisha. Kisha chungulia meno ya friwili. Jino zima lina mabega mawili yaliyofanana. Jino lililoliwa limelalia upande mmoja, limechongoka kama pezi la mbuta. Ukiona mapezi, kumbuka neno hilo, tutalirudia.

Dakika tano za jioni

Hii ndiyo sehemu ninayotaka uifanye hata kama hutasoma nyingine.

Umefika nyumbani umenyeshewa. Kabla hujavua viatu, pindua baiskeli juu ya gunia, ikae kwa tandiko na usukani. Kama kuna tope, mwagia mnyororo maji safi kwa jagi, polepole, wakati tope bado ni bichi. Tope la Kano, ule udongo mweusi wa kuanzia Nyamasaria kwenda Ahero, likikauka linakuwa kama saruji na ukilipangusa kavu unasaga mnyororo kwa mkono wako mwenyewe. Chukua tambara kavu, fulana kuukuu ndiyo bora kuliko yote, lizungushe kwenye mnyororo wa chini, ulishike kwa vidole viwili na uzungushe pedali kinyumenyume mara ishirini. Geuza tambara upande mkavu, rudia. Kisha matone machache ya oili hapa na pale kwenye rola, zungusha tena, na uingize baiskeli ndani ya nyumba. Ndani, si chini ya ukingo wa paa. Hewa ya ziwani usiku ina unyevu wake hata kama hakunyeshi.

Hapo hujasafisha mnyororo. Umeondoa tu maji ili kutu isipate chakula usiku huo. Usafishaji wenyewe una siku yake.

Mshukuru Mungu kwamba ziwa letu ni la maji baridi. Wenzetu wa Mombasa wana chumvi juu ya hayo yote.

Usafishaji kamili

Mimi hufanya Jumapili moja kila baada ya wiki mbili wakati wa mvua, na mara moja kwa mwezi kiangazi. Unahitaji mafuta ya taa kama nusu kikombe, mswaki wa zamani, matambara, chupa ya soda ya plastiki yenye mdomo mpana, na oili safi.

Usitumie petroli. Najua mafundi wengi wanaitumia kwa sababu inakausha upesi. Mvuke wake unatambaa chini sakafuni hadi kwenye jiko la jirani, na mwisho wa hadithi hiyo unajulikana. Mafuta ya taa nayo yakae mbali na moto.

Kama mnyororo wako una kiungo cha klipu (nitaeleza jinsi ya kukifungua tukifika kwenye kubadilisha), utoe, uusokote ndani ya chupa, mimina mafuta ya taa hadi yaufunike, funga kifuniko na utikise dakika mbili au tatu. Utashangaa. Yanatoka meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Mimina kwenye chupa nyingine, weka mafuta mapya kidogo, tikisa tena. Ukisikia sauti ya mchanga ukikwaruza ndani ya chupa, rudia mara ya tatu.

Yale machafu usiyamwage mtaroni. Mtaro wa Kisumu unaishia Kisat au Auji, na hiyo mito inaishia ziwani tunakovua ngege. Yaache kwenye chupa siku mbili, uchafu utatua chini kama masimbi, na ya juu utayatumia tena.

Ukiwa hutaki kuutoa mnyororo, chovya mswaki kwenye mafuta ya taa na usugue pande zote nne, juu, chini, ndani na nje, pingili chache kwa wakati. Inachukua muda zaidi na haifiki ndani vizuri, lakini ni bora kuliko kutofanya. Kinga rimu kwa gazeti: mafuta yakiingia pale breki inapokanyaga, kesho hutasimama.

Kausha. Tundika juani angalau nusu saa. Mafuta ya taa yakibaki ndani ya viungo, yatafanya oili mpya kuwa nyepesi na itatiririka nje yote.

Sasa oili. Chagua pingili moja, iwekee alama kwa chaki ili ujue ulipoanzia, na dondosha tone moja, moja tu, juu ya kila rola, upande wa ndani wa mnyororo wa chini, ule unaotazama meno. Mnyororo ukizunguka, oili itasukumwa kwenda nje kupitia kiungo. Zunguka hadi chaki irudi. Matone zaidi ya mia, na hayazidi kijiko kimoja cha chai. Zungusha pedali dakika moja. Ngoja robo saa ili iingie, ukipata usiku mzima ni bora zaidi, halafu pangusa nje yote kwa tambara safi, kwa nguvu, kana kwamba unajuta kuiweka. Mnyororo uliotunzwa vizuri ukiugusa kidole kinabaki karibu kisafi.

Oili ipi, mwezi upi

Hapa ndipo misimu inapoingia, na ndipo watu wengi wanapokosea kwa kutumia kitu kimoja mwaka mzima.

Januari na Februari kuna vumbi. Barabara za maramu za Maseno, Vihiga na Kakamega zinatoa unga mwekundu unaoingia hadi kwenye masikio, na ukienda Nakuru vumbi lao la volkano ni jepesi zaidi na kali zaidi. Msimu huu adui ni oili nyingi. Tumia mafuta mepesi, yale ya cherehani yanafaa, kidogo lakini mara kwa mara, kila wiki kwa anayeendesha kila siku. Pangusa kwa tambara kavu kila baada ya siku mbili tatu hata kama huweki oili. Kupangusa tu, bila kitu kingine, kumeokoa minyororo yangu mingi kuliko chupa zote nilizonunua.

Kuanzia Machi hadi Mei, masika, maji yanaosha mafuta mepesi kwa safari moja. Hapa weka oili ya injini iliyo mpya, ile nzito ya 20W-50 wanayotumia madereva wa matatu. Chupa ndogo inakaa mwaka. Itachafuka upesi, kweli, basi ndiyo maana usafishaji unakuwa wa kila wiki mbili.

Juni hadi Septemba inategemea unakoishi. Kisumu mjini kunapata ahueni, mvua za hapa na pale. Ukipanda Kakamega mvua haijasikia habari ya kiangazi, inanyesha Agosti kama Aprili, na wewe wa huko endelea na mambo ya masika. Oktoba hadi Desemba vuli inarudi. Hizi ni mvua za kudanganya: vumbi asubuhi, tope jioni. Mimi hubaki na oili nzito, ila napangusa kila siku.

Kuna vitu vinne vinavyowekwa kwenye minyororo ya mkoa huu ambavyo ningefuta kwa amri kama ningekuwa na amri. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari, ile ya bure gereji: ina masizi na unga wa chuma ndani yake, unaweka msasa. Mafuta ya kupikia: yanaganda na kunata kama gundi baada ya wiki. Grisi: nzito mno, haiingii kwenye pini, inakaa nje kualika mchanga. Na mafuta ya kupuliza ya mkebe ya kulegezea nati zilizoshika kutu: yanasafisha na kufukuza maji vizuri, lakini yanakauka na kuuacha mnyororo mtupu. Ukiyatumia, weka oili baadaye.

Kuna jamaa wanaochovya mnyororo kwenye nta ya mshumaa. Inafanya kazi, na kiangazi inafanya kazi vizuri sana kwa kuwa vumbi halina pa kunatia. Lakini mnyororo lazima uwe umeoshwa hadi usiwe na tone la mafuta, nta iyeyushwe kwa sufuria iliyo ndani ya sufuria ya maji, kamwe isiwekwe moja kwa moja motoni, na mvua ya kwanza ikija inabidi uanze upya. Nilijaribu Februari moja nikafurahi. Machi niliacha.

Na usipeleke baiskeli kwenye mashine za kuoshea magari. Maji ya nguvu yanasukuma mchanga ndani ya gololi za ekseli na za kranki, mahali ambapo tambara lako halifiki.

Siku ya kubadilisha: giya moja

Dukani omba mnyororo wa 1/2 × 1/8, namba hizo huandikwa kwenye boksi. Wa giya ni 1/2 × 3/32, mwembamba zaidi, hautakaa kwenye meno manene ya Black Mamba. Kabla hujalipa, ukunje kwa mkono pingili kwa pingili: kila kiungo kijikunje bila kukwama. Utazame vichwa vya pini, viwe vimelingana. Hakikisha kiungo cha klipu kimo ndani ya boksi. Nimewahi kufika nyumbani nikakuta hakimo.

Ukiona yale mapezi kwenye friwili, nunua friwili pamoja na mnyororo. Mimi sikununua. Nilifunga mnyororo mpya juu ya friwili kuukuu, na kwenye mlima wa kuingia Mamboleo, nikiwa nimesimama juu ya pedali na kreti za mkate nyuma, mnyororo ukaruka meno matatu kwa mpigo. Goti likakutana na usukani, mkate ukakutana na maramu. Nilipomrudia mzee wangu fundi alisema tu, "Mwanangu, hujanunua mnyororo, umenunua ugomvi. Mpya na mzee hawakai nyumba moja." Ukibadilisha mnyororo mapema, kwa kipimo kile cha juu, friwili moja inaweza kulea minyororo miwili hata mitatu.

Sasa kazi yenyewe.

1. Pindua baiskeli. Tafuta kiungo chenye klipu, kile kibati chembamba chenye umbo la samaki, mdomo mmoja wazi na mkia umefungwa. Tandaza kitambaa chini, maana klipu ikiruka kwenye nyasi usahau. Kwa koleo, shika mdomo wa klipu upande mmoja na pini iliyo karibu upande wa pili, kisha bana taratibu. Klipu inateleza kando. Toa kibati cha nje, sukuma kiungo kitoke nyuma.

2. Pigilia msumari ukutani, tundika mnyororo wa zamani na mpya kando kwa kando, kila mmoja ukining'inia kwa ncha moja. Hapa utaona kwa macho yako kile tepu ilichosema. Mnyororo wa pingili 112 ukiwa mpya una urefu wa sentimita 142 na kidogo. Uliochakaa kwa kile kipimo cha milimita tatu utaning'inia chini ya mwenzake kwa zaidi ya sentimita moja. Kwa hiyo hesabu pingili, usilinganishe urefu. Ukikata mpya kwa kufuata mwisho wa mzee, utakosea kwa pingili nzima.

3. Mpya ukizidi, punguza. Ncha zote mbili lazima ziishie kwa vibati vya ndani, vile vyembamba, ili kiungo cha klipu kizishike. Kikatio cha mnyororo ndicho kifaa sahihi na fundi yeyote mwenye kibanda anacho. Usipokuwa nacho, lalisha pingili juu ya nati nene, weka msumari wa chuma kigumu uliokatwa ncha juu ya pini, gonga kwa nyundo hadi itoke. Kwa mnyororo mnene wa Black Mamba hiyo inakubalika. Kwa wa giya, usithubutu.

4. Legeza nati za gurudumu la nyuma, lisukume mbele. Zungusha mnyororo kwenye meno ya mbele, kisha ncha zote mbili zikutanishe juu ya friwili. Meno yatazishika zisikimbie, ndiyo siri ya kufanya kazi hii peke yako. Pitisha kiungo kutoka nyuma, weka kibati, kisha klipu.

5. Klipu ina mwelekeo. Upande uliofungwa, ule wa mkia, utangulie mnyororo unapokwenda. Kwenye mnyororo wa juu, baiskeli ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, mkia utazame mbele. Ukiuweka kinyume, kijiti au nyasi ikigusa mdomo ulio wazi inaisukuma klipu nje. Yangu ilitoka karibu na Kibos saa moja jioni. Nilitembea.

6. Vuta gurudumu nyuma, likae katikati ya fremu, kaza nati kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Baiskeli nyingi za kisasa ni spana namba 15, Black Mamba za zamani zina zake, njoo na inayorekebishika. Sukuma mnyororo wa chini katikati kwa kidole: upande na kushuka kiasi cha sentimita moja hadi moja na nusu. Zungusha pedali polepole ukipima tena na tena, kwa sababu meno ya mbele hayakuzaliwa duara kamili. Utaona pahali panakaza na pahali panalegea. Pima pale panapokaza. Mnyororo uliokazwa kama waya wa nguo unaua gololi, na uliolegea unaanguka ukipiga shimo.

7. Gurudumu limesogea, basi breki za vyuma nazo zimesogea. Angalia mpira wa breki ukanyage rimu sawasawa. Hii watu husahau kila mara.

Usiuoshe mnyororo mpya kwa mafuta ya taa. Ile grisi ya kiwandani iliingizwa ikiwa ya moto, imefika hadi ndani ya pini kuliko utakavyofika wewe. Pangusa nje tu, uende.

Wenye giya

Mengi ni yaleyale, kuna tofauti chache. Nunua mnyororo kwa idadi ya giya za nyuma: wa sita, saba na nane unaingiliana, wa tisa ni mwembamba zaidi na hauingiliani nao. Kupata urefu, kama huamini uliotangulia, uzungushe kwenye meno makubwa kabisa ya mbele na makubwa kabisa ya nyuma bila kupitisha kwenye kile kidude cha giya cha nyuma, tafuta pale ncha zinapokutana, ongeza inchi moja, yaani pingili mbili za nusu inchi, kata hapo.

Kwenye kidude hicho cha nyuma kuna magurudumu mawili madogo, na kati yao kuna kaulimi ka chuma. Mnyororo unapita ndani ya kaulimi, si juu yake. Ukikosea, baiskeli itakwenda lakini italalamika kwa kukwaruza, na wewe utashinda ukirekebisha giya ambazo hazina kosa.

Kiungo cha haraka, kile cha vipande viwili vinavyoingiliana, kiunganishe kwa mkono, zungusha hadi kiwe juu, bana breki ya nyuma na ukanyage pedali kwa nguvu. Kitalia "tak". Hicho ndicho kimejifunga. Mnyororo ukirukaruka pahali pamoja kila mzunguko, kuna pingili iliyokaza: ikunje kushoto na kulia kwa vidole gumba hadi ilegee. Ukirukaruka kwenye giya moja tu, ile unayoipenda, meno ya giya hiyo ndiyo yamekwisha.

Baada ya siku tatu nne za kwanza pima tena ulegevu. Gurudumu la nyuma la giya moja hupenda kurudi mbele kidogo baada ya mzigo wa kwanza mzito, nati zikijitafutia makao. Na ule mnyororo wa zamani, kabla hujampa mtoto wa jirani wa kukusanya vyuma, toa klipu yake na kiungo chake, zifunge kwa kipande cha mpira wa tyubu chini ya tandiko. Mnyororo ukikatika usiku kule Kibos, ndizo zitakazokurudisha nyumbani.